Shajara ya mradi: farasi mmoja mtulivu kwa wanafunzi wa Ngando

11 Januari 2025: Sanduku, shamba na farasi tunayemtaka

Sisi ni saisi 6, yaani watunza farasi. Ukijumlisha miaka yetu ya kazi katika mabanda ya Karen, Langata na uwanja wa mbio wa Ngong, hapa Nairobi, inapita 60, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwa na farasi wake mwenyewe. Wengi wetu tunaishi Ngando, jirani kabisa na uwanja huo wa mbio ambao umekuwa hapo tangu 1954. Watoto wetu wamekua wakisikia vishindo vya farasi Jumapili, lakini kupanda wanaona ni mambo ya watu wa ng'ambo ya ukuta. Tunataka kuwafundisha hao, na watu wazima wa mtaani wanaopenda, kwa ada wanayoimudu. Nitaandika kila hatua pamoja na fedha zake, ili kikundi kingine kikitaka kufuata njia hii kisianzie gizani.

Tumechanga shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwezi kwa miezi 18, kwa hiyo sanduku lina 216,000, na mchango unaendelea. Tumekodi ekari moja Mutuini kwa 10,000 kwa mwezi kutoka kwa mzee mmoja aliyeacha kufuga ng'ombe. Banda lake tumelirekebisha kwa 23,400. Tandiko na hatamu za mitumba zimetugharimu 25,000, na helmeti 3 kwa 6,000 kila moja. Helmeti ni mpya. Ya mitumba inaweza kuwa imepasuka ndani na isionekane kwa nje, kwa hiyo hapo hatukubana.

Farasi tunayemtafuta awe na miaka 10 hadi 16, jike au maksai (dume aliyehasiwa), kimo cha hendi 14 hadi 15. Hendi moja ni kama sentimita 10, ikipimwa kutoka chini hadi pale shingo inapoungana na mgongo. Awe amezoea magari na watoto. Kuhusu uzito tunafuata kanuni ya asilimia 20: mpandaji na tandiko lake wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi. Mwanafunzi wetu mzito kuliko wote ana kilo 75, tandiko kilo 8, jumla 83. Farasi awe basi na kilo 415 au zaidi. Mizani ya farasi hatuna, tunatumia futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa kiwiliwili kutoka bega hadi mwisho wa tako, ugawe kwa 11,880. Vipimo viwe kwa sentimita, jibu litakuja kwa kilo.

25 Januari 2025: Wa kwanza, hapana

Miaka 5, katoka mbioni mwaka jana, bei 70,000. Wenye sanduku dogo huanzia hapa, maana farasi wakistaafu mbio huuzwa kwa bei ya chini na kwa macho ni wazuri mno. Nimewapenda farasi wa aina hii maisha yangu yote ya kazi, na kwa mtu anayeanza siwapendekezi. Farasi wa mbio amezoea kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu. Hatamu zikikazwa, yeye husukuma kichwa na kuongeza mwendo. Mwanafunzi akiogopa, kitu cha kwanza anachofanya ni kuvuta hatamu. Tena joki hukaa juu juu, miguu imekunjwa, haining'inii ubavuni. Miguu ya mwanafunzi hubembea na kumgonga mbavu, na farasi huyu hajui maana yake, anachukulia kuwa anaambiwa aende.

Anaweza kufundishwa upya na mkono unaojua, kwa mwaka au zaidi. Lakini mpandaji mbichi juu ya farasi mbichi, nani amfunze mwenziwe? Tulimshukuru mwenyewe tukarudi. Nauli 1,800.

11 Februari 2025: Wa pili, mara mbili

Huyu alikuwa Tigoni, maksai wa miaka 12, bei 180,000. Jumamosi tulifika saa nne asubuhi kama tulivyopatana. Tulimkuta ametandikwa tayari, amesimama kwenye kivuli cha mti, kichwa chini, mtulivu kama kondoo. Mwenzetu akampanda, akaenda hatua (mwendo wa kutembea), akaenda telki (mwendo wa kukimbia polepole), akasimama alipoambiwa. Tulianza kutazamana kwa furaha. Kisha mimi nikalegeza ukanda wa tandiko nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Manyoya yalikuwa yamegandamana, na ukingoni mwa kitambaa kulikuwa na mstari mweupe wa chumvi, kama ule unaobaki kwenye kola ya shati la mbebaji mizigo. Farasi huyu alikuwa ametoka jasho na kukauka kabla hatujafika. Alikuwa amekimbizwa asubuhi.

Sikusema neno. Inawezekana mwenyewe alikuwa na haja ya kumnyoosha kidogo. Leo Jumanne nimerudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikapiga simu nikiwa langoni. Saisi wa pale, kijana mwenye adabu, alinikaribisha nimwone akitandikwa. Alipokazwa ukanda alirusha mguu wa nyuma kuelekea tumboni. Mpandaji alipotaka kumtoa nje ya lango peke yake, alisimama, akarudi nyuma, akainua miguu ya mbele kidogo. Yule kijana aliniambia kwa sauti ya chini, "Huyu, kaka, asubuhi ni mwingine."

Nimeandika sentensi hiyo ukutani kwenye banda letu. Kuanzia sasa tukienda kuona farasi tunaomba tumkute zizini bila tandiko, tumkamate wenyewe, tumpige brashi wenyewe, tumtandike wenyewe. Anayekataa, tunaaga. Nauli za safari mbili 3,600.

1 Machi 2025: Tumemnunua Kahawa

Maksai wa rangi ya kahawia iliyokolea, upande wa Kiserian, miaka 11 kwa meno yake. Tulimkamata wenyewe shambani, tukamtandika wenyewe, na tulikwenda bila kutoa taarifa. Kila jaribio alipita. Mtoto wa mwenyewe alipita chini ya tumbo lake. Pikipiki ilipita ikipiga honi, hakuinua hata sikio. Bei 120,000, lori 9,000.

Amekonda. Mbavu zinahesabika, na ukipitisha kiganja kwenye uti wa mgongo unahisi vifundo. Futi imetoa kifua 165, urefu 160, yaani kilo 367. Tumesema chakula kitamrudisha.

Daktari wa mifugo wa farasi alitaka 18,000 kumpima kabla ya kununua. Baada ya kumlipa mwenye farasi na lori sanduku lingebaki na 21,200, na tukitoa 18,000 tusingekuwa na nyasi za mwezi. Nilipendekeza tuache kipimo, kwa kuwa kati yetu tuna macho 12 yaliyozoea farasi. Wenzangu walikubali. Pendekezo lilikuwa langu, naliandika hivyo.

22 Machi 2025: Utulivu ulikuwa ugonjwa

Wiki ya kwanza tulimlisha marobota ya nyasi kavu za boma rhodes na kilo moja ya vyakula vya kusagwa asubuhi na jioni. Alikula polepole. Wanafunzi 4 walizunguka naye kwa kamba, hatua tu, na kila mmoja alisifu upole wake. Siku ya tisa hakumaliza nyasi. Nilimfunua mdomo. Ufizi wa farasi mzima una rangi ya waridi, wa kwake ulikuwa kama karatasi iliyomwagiwa chai nyepesi. Joto 39.6, wakati la kawaida halizidi 38.5. Moyo ulipiga 64 kwa dakika amesimama tu, na farasi aliyepumzika hupiga kati ya 28 na 44.

Daktari alichukua damu: biliari, ule ugonjwa wa kupe unaoshambulia chembe nyekundu za damu. Alisema huenda amekuwa nao kwa muda mrefu. Kipimo, sindano na ziara 3 vimegharimu 14,500. Chini ya mkia na ndani ya masikio tumemtoa kupe 17, mahali ambapo tungeangalia siku ya kwanza kama tusingekuwa tumefurahi kupita kiasi.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Farasi mwenye njaa, mwenye minyoo au mwenye damu pungufu hana nguvu za kuogopa. Hashtuki kwa pikipiki kwa sababu kushtuka kunahitaji nguvu. Sisi tuliosimama pale tukihesabu mbavu zake tulikuwa na jibu mkononi, tukalisoma kinyume. Tumeamua kusimamisha masomo mpaka apone, ndipo tujue tumenunua farasi gani.

27 Aprili 2025: Ajali

Kahawa alipona vizuri. Tarehe 19 futi ilitoa kifua 174, urefu ule ule 160: kilo 408. Manyoya yaling'aa, shingo ilijaa. Alianza kutuita kwa sauti akisikia ndoo. Tulimpanda sisi wenyewe wiki nzima, na kweli alikuwa na moto kidogo, lakini alisikia. Tukarudisha masomo.

Kisha ikaja mvua. Siku 4 mfululizo Mutuini ilikuwa tope tupu, naye akakaa bandani akila chakula kile kile cha farasi anayefanya kazi. Jana Jumamosi jua lilitoka na watoto wakafika. Binti wa mwenzetu, miaka 12, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Nilimshika Kahawa kwa kamba mimi mwenyewe. Tulikuwa tumezunguka mara 2 upepo ulipoinua ukingo wa bati la banda na kuliangusha. Kahawa aliruka pembeni, akainamisha kichwa katikati ya miguu na kurusha mgongo mara 3. Kamba ilinichubua viganja ikatoka. Mtoto alianguka kwa bega.

Helmeti ilifanya kazi yake, kichwa hakikuguswa. Mfupa wa mtulinga una ufa. Amefungwa mkono, na daktari wa zahanati amesema wiki 6. Picha na matibabu 7,200, tumelipa kutoka kwenye sanduku. Mama yake alikuja jioni, akaniangalia kwa muda, akasema, "Baba, wewe ndiye tuliyekuamini." Sikuwa na neno la kumjibu isipokuwa pole, na nimemwambia hivyo mbele ya wote.

Makosa, kama ninavyoyaona leo. Chakula cha nguvu kingepunguzwa siku ile ile kazi iliposimama, kabaki na nyasi tu. Baada ya siku 4 bandani farasi yeyote aachiliwe kwanza shambani, kisha azungushwe kwa kamba ndefu bila mtu, kisha apandwe na mmoja wetu, ndipo aje mtoto. Bati lingepigiliwa misumari. Yote hayo ni yetu. Lakini hata bila makosa hayo, huyu ni farasi mwanamichezo aliyekuwa mgonjwa, na mwanafunzi hahitaji farasi ambaye usalama wake unategemea sisi tusikosee kitu.

10 Mei 2025: Kahawa ameondoka

Amenunuliwa na mpandaji mzoefu wa upande wa Naivasha, kwa 135,000. Tulimweleza kila kitu: biliari, siku 4 za mvua, bati, mtulinga. Tulimwonyesha karatasi za daktari. Alimpanda saa nzima, akampiga shoti kwenye mteremko wa shamba, akarudi anatabasamu. Kahawa amepata mtu wake.

Hesabu ya Kahawa, kwa wanaotaka kujua kosa moja hugharimu nini. Bei 120,000, lori 9,000, matibabu 14,500, chakula 31,000, fundi wa viatu vya kwato mara 2 jumla 9,000, zahanati 7,200. Jumla 190,700. Tukitoa 135,000 tumepoteza 55,700. Kipimo nilichokwepa kilikuwa 18,000.

24 Mei 2025: Kipimo kwanza

Safari hii tumeanza na watu. Tumewauliza saisi wenzetu wa mabanda mengine swali moja: ni farasi gani pale kwenu ambaye ungempandisha mwanao ukiwa umempa mgongo? Majibu yalikuwa machache na jina moja lilirudi mara 3. Shela, jike wa miaka 17, hendi 14 na inchi 2, yaani sentimita 147. Yuko Karen kwa familia ambayo watoto wake wote wamepita juu ya mgongo wake, na wa mwisho ameenda chuo kikuu. Bei 150,000.

Miaka 17 ilikuwa nje ya masharti yetu ya Januari. Tuliyaandika kama watu wanaonunua gari, mwaka wa karibuni ndio bora. Kwa farasi wa wanafunzi nadhani ni kinyume: miaka ndiyo iliyomwonyesha miavuli, mbwa, lori la maji na watoto wanaopiga kelele. Unachonunua ni kile alichokwisha kukiona. Unacholipia baadaye ni viungo vyake.

Tulimwita daktari wetu wenyewe, asiye na uhusiano na muuzaji. Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Alisikiliza moyo akiwa amesimama (36), kisha baada ya kukimbizwa, kisha akasubiri urudi. Alimulika macho kwenye banda la giza. Alibana kila kwato kwa koleo. Alikunja mguu mmoja mmoja kwa dakika moja, akauachilia, nasi tukamkimbiza moja kwa moja kwenye sakafu ngumu. Mguu wa nyuma wa kulia ulichechemea hatua 5, ukanyooka. Ni baridi yabisi ya uzee kwenye kifundo cha juu. Alichukua pia damu ya kuhifadhi, ili ikitokea farasi akabadilika baada ya kufika kwetu, ipimwe kama alikuwa amepewa dawa ya kumtuliza. Mwenye farasi hakukasirika, yeye mwenyewe alishika kamba.

Ushauri wa daktari: hatua na telki fupi, saa moja kwa siku, asirushwe vizuizi, mpandaji asizidi kilo 60. Futi inasema ana kilo 412 (kifua 175, urefu 160), na kwa kanuni ya asilimia 20 angebeba zaidi, lakini kifundo kile hakijui kanuni. Maana yake mwanafunzi wetu wa kilo 75 atasubiri, na mimi mwenye kilo 82 sitampanda kamwe. Tumekubali. Kipimo 18,000.

21 Juni 2025: Siku 21 za majaribio

Sanduku lilikuwa na 98,500 kabla ya kipimo. Tulikwenda kwa mama mwenye Shela tukamweleza hali yetu, bila kuficha habari ya Kahawa. Alituambia, "Mkae naye wiki 3. Mkimpenda, tuandikiane." Tumeandikiana: 70,000 sasa, 80,000 kwa awamu 8 za 10,000. Na kipengele kimoja alichokiomba yeye, kwamba tukishindwa kumtunza, arudi kwake kabla ya kuuzwa kwa mtu mwingine. Lori 7,500.

Haya ndiyo tuliyoyafanya kwa siku 21, kuanzia 31 Mei, bila mwanafunzi yeyote kumpanda hadi siku ya 15. Tulimtafutia saa zake mbaya. Tulimkamata shambani wakati wa ndoo. Tulimtenga na punda (nitamweleza punda). Tulimwacha bila kazi siku 4 kamili kisha tukampanda asubuhi yenye baridi, na hili ndilo jaribio ambalo singeliacha hata kama ningelazimika kuacha mengine yote. Mwenzetu mwepesi, kilo 57, alipanda makusudi kama asiyejua: alivuta hatamu upande mmoja, akapoteza kikuku (pale mpandaji anapokanyaga), akaegemea shingo, akaachia hatamu zote. Tulitikisa turubai, tukaburuta gunia la nailoni lenye chupa tupu, tukafungua mwavuli mbele yake na ubavuni, tukaangusha bati lile lile.

Bati lilipoanguka Shela alishtuka. Naliandika kwa sababu farasi asiyeshtuka kabisa hayupo, na atakayekuambia yupo anakuuzia. Alichutama kidogo kwa miguu yote minne, kama mtu aliyepigwa na ubaridi, masikio yakageuka kuelekea sauti, akatoa pumzi ndefu puani. Miguu haikutoka mahali pake. Tuliangusha tena. Mara ya tatu aliendelea kutafuna.

Siku ya 15 tulimpandisha kijana wa miaka 13, kwa kamba. Katika mzunguko wa pili mguu wake wa kushoto ulitoka kwenye kikuku, mwili ukaanza kulalia kulia. Sijafungua mdomo, Shela amesimama. Alisogeza bega lake la kulia nusu hatua kule mtoto alikoelemea, kama mtu anayeinua trei isimwagike, akangoja. Mtoto alijivuta juu, akaweka mguu, akasema, "Twende." Shela akaenda. Katika miaka 11 ya kuwashika wengine nimeona farasi wanaofanya hivyo mara chache, na sijui kwamba unaweza kumfundisha farasi jambo hilo kwa fimbo wala kwa sukari.

Dosari zake, ili mtu asidhani tumepata malaika. Anakanyaga mguu wako akigeuka bandani, kwa hiyo watoto wote sasa wanavaa viatu vigumu vyenye kisigino kidogo. Ukimlisha kwa mkono anaanza kutafuta mifukoni, tumepiga marufuku. Na hapendi kukazwa ukanda kwa haraka. Kaza tundu moja, mtembeze hatua 20, kaza la pili, hana neno.

Sasa punda. Farasi ni mnyama wa kundi, akikaa peke yake hutembea ukingoni mwa uzio akilia na kukonda. Farasi wa pili hatuna uwezo naye. Mzee mwenye shamba alituazima punda wake jike aliyestaafu kubeba maji. Kosa letu ni kuwaunganisha siku ile ile. Punda anaweza kuwa na minyoo ya mapafu asionyeshe dalili yoyote, na farasi akiichukua kwenye malisho hukohoa kwa miezi. Daktari alituambia tuwatenge, tuwape wote dawa, kisha tuwaunganishe baada ya wiki 2. Shela hakukohoa, tulikuwa na bahati. Wewe usianzie kwenye bahati.

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika anayo, kadi yake imejazwa kila mwaka. Kahawa hakuwa na kadi, na hatukuuliza. Ugonjwa huo huenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaoruka kuanzia machweo hadi mapambazuko na kuzidi baada ya mvua. Tumeweka wavu wa matundu madogo sana dirishani, na Shela anaingia bandani kabla ya saa kumi na mbili jioni.

26 Julai 2025: Masomo

Wanafunzi 9, watoto 7 na kina mama 2, kila mmoja nusu saa kwa wiki kwa 300. Shela hafanyi zaidi ya saa moja kwa siku na Jumatatu anapumzika, hivyo nafasi ni 12 kwa wiki na 3 ziko wazi. Ada ya mwezi inafika 10,800. Chakula chake ni nyasi, chumvi na lusina (majani ya malisho) kidogo, bila vyakula vya nguvu, na kinakula karibu 9,000. Kodi, awamu na fundi wa kwato bado vinatoka kwenye mchango wetu wa 2,000 kila mmoja na vibarua vya Jumapili. Hatujafika pale pa kujitegemea.

Binti wa mwenzetu mtulinga umeshika. Huja na baba yake kila Jumamosi, na mpaka sasa hajataka kupanda, wala hatumwulizi. Anampiga Shela brashi kuanzia shingoni hadi mkiani, na wiki iliyopita ameanza kuinua kwato za mbele na kuzichokoa tope. Mama yake husimama langoni. Leo ameingia mpaka ndani ya uzio.

Fundi wa kwato anakuja tarehe 2 Agosti. Nitamwomba apunguze ncha za kwato za nyuma, daktari anasema itampunguzia uzito kile kifundo, na nitaandika kama kuna tofauti.